Kulwa Anatupa, Doto Anajibu

Mzee Masalu wa Ngokolo, ambaye nusu ya Shinyanga ilimwita Baba Kulwa, alikuwa mwongo. Si mwongo wa kudhulumu mtu, la. Mwongo wa kuchangamsha baraza. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mtunza stoo kule Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, akitoa beringi na gasketi kupitia kidirisha chenye nondo, na tangu astaafu stoo ile haikuacha kukua. Kwanza ilikuwa na rafu arobaini. Baadaye zikawa mia nne. Mwaka juzi, mbele ya mafundi baiskeli wa sokoni, aliapa kwamba ilikuwa ndefu kiasi kwamba kijana akitumwa bolti mwisho wa stoo asubuhi, alirudi na ndevu.

Kiingereza alijifundisha humohumo stoo, maana shule ilimwishia darasa la nne. Alisoma katalogi za vipuri kama watu wengine wanavyosoma vitabu vya sala. Kila rafu ilikuwa na kadi, na juu ya kadi neno moja la umoja, ingawa ndani ya rafu vitu vilikuwa mia. Jambo hilo lilimkera. Akaanza kuandika nyuma ya kila kadi wingi wa neno lake, na hapo ndipo alipogundua kwamba Waingereza hawana nidhamu. "Gasket" ilivaa "s" yake mwishoni ikaondoka kwa amani, kama mtu aliyevaa kandambili. Lakini "radius" ilikataa, ikawa "radii". "Matrix" ikawa "matrices". "Stratum" ikawa "strata". Na "apparatus", ukiiuliza, mara nyingi ilibaki vilevile, iwe moja au elfu, kama ng'ombe aliyelala barabarani anayesubiri gari limzunguke.

"Hayo ni maneno wahamiaji," alieleza barazani. "Yametoka Ugiriki, yametoka Roma, yakafika Uingereza yakagoma kubadili mavazi. Sisi wingi tunauweka mlangoni: mtu, watu. Kisukuma vilevile: munhu, banhu. Mgeni akibisha tu unajua wamekuja wangapi. Mwingereza wingi wake anauficha uani."

Na alikuwa na hadithi yake kubwa, ile ya mhandisi wa Kizungu aliyeandika "radiuses" kwenye fomu ya kuombea vifaa. Baba Kulwa, hivi kwa maneno yake mwenyewe, alimrudishia fomu kupitia kidirisha, akasema hapa stoo hatuna kitu kama hicho. Mtambo uliokuwa umegoma siku tatu ukasikia, ukaona haya, ukawaka wenyewe.

Uongo mtupu. Lakini kadi zilikuwa za kweli. Alipostaafu walimruhusu aondoke na zile za zamani, boksi mbili, na kuna watu wawili duniani waliozijua zote kwa moyo.

Hao walikuwa binti zake mapacha. Martina alitangulia kuzaliwa, kwa hiyo akaitwa Kulwa. Lusia akafuata, akaitwa Doto. Walipokuwa na miaka saba, kila jioni mama yao Scolastika akipika, baba aliwakalisha kizingitini, mmoja huku mmoja kule, na kuwapa mchezo. Martina anachukua kadi na kusoma neno la mbele. Lusia, ambaye haoni kadi, anajibu la nyuma. Kulwa anatupa, Doto anajibu. Neno la kwanza kabisa lilikuwa "radius", na Lusia, ambaye meno ya mbele yalikuwa yamemtoka wiki ile, alijibu "radii" kwa nguvu mpaka mate yakamfikia dada yake kwenye jicho.

Siku moja baba alijaribu kuwageuza, Lusia atupe, Martina ajibu. Haikuwezekana. Martina alikodoa macho tu, na Lusia akaangua kilio kana kwamba amevalishwa gauni la mtu. Baba hakurudia tena.

Wakakua. Martina akasomea maabara, akaajiriwa Geita kwenye ofisi binafsi inayopima mawe ya wachimbaji na kuwaambia mna dhahabu kiasi gani humo. Akaolewa na Stanslaus, fundi umeme, mtu mpole asiyejua kutania. Lusia akawa mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi palepale Shinyanga, na mama yao alipofariki, akarudi Ngokolo kukaa na baba. Mchezo ukahamia kwenye simu. Kila siku saa sita, akiwa anakula, Martina alimtumia dada yake neno moja la kazini: "flux", "spectrum", "crucible", "cupel". Hiki cha mwisho ni kikombe kidogo kinachofyonza uchafu wote kwenye moto na kubakisha punje ya dhahabu. Lusia alijibu saa kumi, watoto wakishatoka. Kwenye simu yake alimwekea dada yake mlio wa peke yake, jogoo anayewika. Kuku wa jirani walishazoea kumjibu.

Mwezi Machi mwaka huu Lusia aliumwa kichwa siku ya Jumatano, akameza vidonge viwili, akasahihisha madaftari. Alhamisi asubuhi alianguka mbele ya darasa, chaki mkononi, na kabla jua halijazama hakuwa tena mtu wa kuitwa akaitika. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Stanslaus alipiga simu Ijumaa alfajiri.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mkwe wangu. Umesikia."

"Nimesikia, baba. Pole sana. Poleni wote." Akakohoa, akaanza tena. "Baba, nakuomba nikiwa nimepiga magoti hapa nilipo. Martina asiambiwe."

Martina alikuwa na wiki ya pili amelazwa wodi ya wazazi. Mimba ilikuwa na wiki thelathini na moja, miguu imemvimba kama mihogo iliyolowekwa, presha inapanda na kushuka. Daktari alikuwa amemwita Stanslaus pembeni: mshtuko mmoja ungeweza kumletea kifafa cha mimba, na hapo wangewapoteza wawili kwa mpigo.

"Mpaka lini?" Baba Kulwa aliuliza.

"Wiki tano, baba. Akifikisha thelathini na sita watamfanyia upasuaji. Baada ya hapo aambiwe."

Mzee alisimama uani na simu sikioni muda mrefu baada ya mkwewe kukata. Alikuwa amemzika Scolastika. Kesho angemzika Doto. Kilichokuwa kimebaki chote duniani kilikuwa kimelala Geita kwa ubavu wa kushoto, kikikatazwa hata kusimama.

Ndugu walipokaa kikao cha msiba, aliyeshika neno alikuwa dada yake mkubwa, Shangazi Limi, aliyekuja na basi la kwanza kutoka kijijini. Alifungua fundo la kanga akatoa kibuyu kidogo, ukubwa wa ngumi, amekivisha kipande cha kitenge cha Lusia.

"Hiki ni cha Kulwa," alisema. "Zamani kwetu pacha akiondoka, aliyebaki alipewa kibuyu. Akila, anakiwekea punje. Akilala, anakilaza ubavuni. Mpaka azoee. Siku hizi mmeacha, mnadhani mtu anakatwa nusu halafu anatembea."

"Na padri, shangazi?" akauliza mmoja wa vijana.

"Padri alizaliwa mmoja." Akakifunga tena. "Na mtu asinililie hapa kwa sauti. Pacha haliliwi kwa sauti. Ukilia sana unamwita na aliyebaki."

Baba Kulwa, ambaye kilio kilikuwa kimemfika kooni, akakimeza kizima kizima kama kidonge kisicho na maji.

"Na wewe," shangazi akamgeukia, "si ndiye bingwa? Umeudanganya mji huu tangu ujana kwa raha zako. Leo umepata kazi. Danganya."

Wakazika Jumamosi, saa sita na nusu. Simu ya Lusia ilikuwa kwenye mfuko wa koti la baba yake, maana hakuna aliyekumbuka kuizima, na katekista alipofika kwenye "mavumbini utarudi", jogoo akawika. Akawika mara mbili. Watu wakageuka kutafuta kuku makaburini. Baba Kulwa akaingiza mkono mfukoni akaikamata simu kama mtu anayemziba mtoto mdomo kanisani.

Aliusoma ujumbe baadaye, ameketi kitandani kwa Lusia.

"Catheter. Na usiniulize nimelijulia wapi."

Hakujibu. Hakuwa na mkono wa kujibu. Lakini Jumapili jogoo aliwika tena: "Doto, mbona kimya? Unataka presha ipande?"

Hapo vidole vya mtunza stoo viliondoka vyenyewe. Miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumsimamisha mtu kidirishani akisubiri. "Catheters," aliandika. "Hilo la chekechea. Leta la watu wazima." Alikwishatuma ndipo alipoona alichofanya. Alikuwa amemtumia binti yake aliye hai salamu za binti yake aliyekufa, na zilikuwa na sauti yake kabisa.

Jioni ile Martina akapiga, safari hii kwenye simu ya baba.

"Baba, shikamoo. Doto hapokei simu, ananiandikia tu. Amenuna?"

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Anune kwa lipi? Doto anaumwa koo." Na uongo ukaja, kama ulivyokuwa ukija siku zote, tayari umevaa na kuchana nywele. "Alikuwa anawafundisha watoto wimbo, akaamua kuwashinda wote tisini kwa sauti. Sauti ikatoka, ikaenda zake. Daktari kasema asitamke hata neno mwezi mzima. Akitamka, itahamia kwa jirani moja kwa moja."

Martina alicheka. Alicheka mpaka nesi akasikika akimkaripia. "Baba wewe! Haya, mwambie anywe tangawizi."

"Anakunywa. Ameshamaliza tangawizi ya wilaya nzima."

Alipokata alitoka nje, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona haya kwa uongo uliokwenda vizuri.

Jumatatu neno lilikuwa "stethoscope". Jumanne lilikuwa "vertebra", na hilo alilijibu kwa majigambo. Jumatano jogoo hakuwika. Saa sita ikapita, saa nane, saa kumi. Mzee alizunguka nyumba na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Jioni Stanslaus akapiga: presha ya Martina ilikuwa imepanda ghafla tangu jana yake, hakuna aliyejua sababu, madaktari wamemzunguka.

"Hakuna mtu aliyemwambia kitu?"

"Hakuna, baba. Nimekaa naye mimi mwenyewe. Amegeukia ukutani tu."

Alhamisi, saa sita kasoro, jogoo aliwika, na Baba Kulwa akaipokea sauti ile kwa mikono miwili.

"Placenta," Martina aliandika. Halafu, chini yake: "Baba anakula?"

Alijibu lile la kwanza kwa namna mbili, ya Kilatini na ya mtaani, kama Lusia angefanya. La pili lilimchelewesha. Akaandika, kwa kidole kimoja: "Anakula. Anasema uongo kama kawaida, kwa hiyo ni mzima."

"Mwangalie. Asifunge mlango mchana akakaa peke yake ndani."

Alinyanyua macho. Mlango ulikuwa umefungwa. Akainuka akaufungua.

Ndivyo wiki zilivyokwenda. Neno linakuja, neno linarudi. Alizishusha kadi za Mwadui juu ya kabati, akanunua miwani mpya, akaazima kamusi ya shuleni kwa mwalimu Nelly, rafiki wa Lusia, ambaye alimpa bila kuuliza, ila akamtazama vibaya, au pengine kwa huruma. Martina sasa hakutuma maneno ya kuchekesha. Alituma ya wodini, moja baada ya jingine: "diagnosis", "fetus", "nucleus". Na baada ya kila neno, swali. "Doto, unakumbuka mama alivyokuwa anatufunga nywele kwa uzi mweusi?" "Doto, nani anampelekea baba maji ya kuoga?" Mzee alijibu yote. Alijibu vizuri mno. Kuna siku alijikuta amepika wali wa watu wawili. Kuna siku mwenye genge alimuuliza hali, akasema "hatujambo", akarudi nyumbani anatembea polepole.

Barazani hakwenda tena. Mafundi baiskeli walimtumia salamu kwamba stoo ya Mwadui imesimama kukua, wana wasiwasi itaanza kubomoka. Hakuwajibu. Uongo wote aliokuwa nao aliupeleka Geita.

Wiki ya nne Martina hakutuma neno. Alituma swali peke yake.

"Doto, unaumwa?"

Mzee aliweka simu juu ya meza. Akaichukua. Akaiweka tena. Ilikuwa saa sita na dakika kumi, jua limesimama juu ya bati, na nyumba nzima ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mchwa wakila mlango. Mwishowe akaandika:

"Hapana. Siumwi tena."

Kutoka Geita halikuja jibu mpaka kesho yake.

Wakamfanyia upasuaji siku ya Jumatatu. Akatoka mtoto wa kike, kilo mbili na robo, mwenye sauti ya kitasa kikavu. Presha ikakataa kushuka siku tatu, kisha ikashuka. Siku ya kumi Stanslaus akapiga.

"Daktari amesema sasa anaweza kuambiwa, baba. Lakini mimi... baba, mimi siwezi. Nimejaribu jana. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama anataka chungwa."

"Nakuja," Baba Kulwa alisema.

Alipanda basi la asubuhi linalopitia Kahama. Kwenye begi aliweka shuka jipya la mtoto, na chini yake kibuyu cha Shangazi Limi. Mfuko wa kushoto wa koti ulikuwa na simu yake, wa kulia ya Lusia, imejazwa chaji. Njia nzima alipanga maneno. Alijaribu kuanza na Mungu. Alijaribu kuanza na kichwa kilichouma. Alijaribu kusema tu, bila mwanzo wowote, na akagundua kwamba hajui kufanya hivyo. Katika umri wake wote hakuwahi kumwambia mtu jambo likiwa uchi. Wanawake wawili nyuma yake walikuwa wakizungumza kuhusu mashimo mapya yaliyotoa dhahabu upande wa huko waendako, na kwa kawaida angegeuka na kuwauzia hadithi moja kubwa mpaka wasahau kituo chao. Alitazama nje tu.

Martina alikuwa ameketi kitandani, mgongo kwenye mito miwili, mtoto amefungwa kifuani ngozi kwa ngozi kama manesi walivyomwelekeza. Alikuwa amekonda usoni. Stanslaus alimpa mzee kiti, akasema anakwenda kutafuta maji, na watu wote watatu wakajua kwamba hatarudi upesi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hebu nimwone mgeni." Akamwona. Akasema yanayosemwa: pua ya bibi yake, vidole virefu vya mtu wa kuandika. Akatoa shuka. Kisha maneno ya basini yakamkimbia yote, na lile alilolizoea likaingia kwenye nafasi yao.

"Doto anakusalimia sana. Koo limepona, ila ungemsikia! Sauti imerudi nene, kama ya mzee wa kanisa. Watoto darasani wanampigia saluti. Nilitaka nije naye, lakini wamemteua kwenda semina Kahama, walimu bora wa kanda nzima, na wamesema bila yeye hawafungui mlango..."

Martina alikuwa akimsikiliza na kichwa kimeinama kidogo. Alitabasamu alipofika kwenye saluti. Akachukua simu yake juu ya kimeza, akaandika kitu kwa kidole gumba, taratibu, mkono mwingine ukimshikilia mtoto. Akabonyeza.

Jogoo akawika kwenye mfuko wa kulia wa koti la baba yake.

Kitanda cha pili mama mmoja akacheka, "Jamani, nani kaleta kuku wodini?" Jogoo akawika tena. Baba Kulwa hakuthubutu kusogea. Alimtazama binti yake, na binti yake alimtazama, na mfuko uliendelea kutetemeka kati yao mpaka aliponyamaza yule ndege.

"Isome, baba."

Akaitoa. Miwani ilikuwa na ukungu, akaifuta kwa pindo la koti, akasoma.

"Tua sasa, baba. Nilishajua."

Alisoma mara tatu, kama fomu yenye saini asiyoijua.

"Tangu lini?" Sauti ilimtoka ndogo.

"Ile Jumanne. Mwalimu Nelly aliweka picha ya Doto kwenye stetasi ya simu yake, ameizungushia mishumaa. Pengine alisahau kwamba namba yangu anayo." Martina aliongea polepole, kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa. "Nikageukia ukutani. Presha ikapanda, wakanichoma sindano. Daktari anasema usihangaike. Stanslaus ananimenyea machungwa bila kunitazama usoni. Nikasema, kumbe wote hawa wamenyanyua kitu kizito ili kisiniangukie. Nikisema najua, wataachia. Na kuna huyu hapa ndani."

"Na maneno? Mbona uliendelea kutuma maneno?"

"Nilijua ni wewe unayejibu. Doto hajawahi kunijibu kabla ya saa kumi, baba. Wewe ulikuwa unajibu papo hapo, kama umekaa kidirishani." Akapitisha kiganja kwenye kichwa cha mtoto. "Nikawaza, uko peke yako kwenye nyumba ile. Ukijibu, najua umeamka. Ukijibu, najua umevaa miwani, umeshika kadi. Siku nikinyamaza, utafanya nini mchana kutwa?"

Baba Kulwa alifungua mdomo. Mji mzima wa Shinyanga ungetoa kiingilio kuona jambo lile: hakikutoka kitu.

"Na siku ile nilipokuuliza kama Doto anaumwa," Martina alisema, "ukaniambia haumwi tena. Hiyo ndiyo siku niliyomzika mimi. Nilijifunika shuka nikamzika."

Hapo kilio alichokimeza tangu kikao cha msiba kikapanda. Alikumbuka katazo la dada yake, akakizuia kisitoke kwa sauti. Kikatoka kwa mabega. Alilia namna hiyo muda mrefu, mzee mrefu kwenye kiti kifupi, na Martina akamshika kwa mkono mmoja shingoni, kwa sababu mwingine ulikuwa na kazi. Mama wa kitanda cha pili akajigeuza akatazama dirishani.

Alipopata pumzi, alijifuta, akamtazama mtoto kwa tamaa ya mtu aliyeona mlango umebaki wazi kidogo.

"Tumwite Lusia," alisema. "Huyu. Mungu ametoa, amerudisha. Atakaa kizingitini, utamtupia maneno. Naapa atakuwa anajibu. Ukiangalia hata mdomo, ni wa..."

"Hapana, baba."

"Ni jina la nyumbani, Kulwa. Si dhambi."

"Si dhambi. Lakini Doto alikuwa mmoja." Hakusema kwa ukali. "Huyu ataitwa Scolastika, bibi hatamdai kitu. Nisimpe mtoto kazi ya mtu mwingine. Wewe umeifanya wiki tano tu, hebu jitazame ulivyoisha."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akainama kwenye begi, akatoa kibuyu, kitenge chake kimekunjamana kwa safari. Alitaka kueleza na hakuwa na haja. Martina alikitambua kitambaa kwanza. Lilikuwa lile gauni la Krismasi walilogombea. Akakichukua, akakiweka juu ya kitanda upande wake wa kushoto, mahali ambapo utotoni hakuwahi kulala bila pacha wake.

Uji wa wagonjwa ulikuja. Martina akanywa vijiko vitatu. Cha nne akakisogeza, akadondosha tone moja kwenye mdomo wa kibuyu, akaendelea kunywa. Baba yake aliangalia pembeni, kisha akaangalia.

"Unazikumbuka kadi zote?" akauliza Martina baadaye, mtoto amekwisha lala.

"Zote."

"Hata ya kwanza?"

"Hiyo hasa."

Martina akasogea kidogo, akakaa vizuri kama mtu aliye kizingitini, uso ameuelekeza upande wa pili ambako hakukuwa na mtu.

"Radius," alisema.

Wote wawili walilijua jibu. Mzee alilihisi ulimini, na akaona midomo ya binti yake nayo imeligusa. Hakuna aliyelitamka. Walikaa wakasubiri, muda uleule ambao mtoto asiye na meno ya mbele huhitaji kuvuta pumzi, halafu muda mwingine juu yake. Simu ya Lusia ilikuwa juu ya shuka jipya la mtoto. Nesi akaja na kipimo cha presha, akasimama mlangoni, akawatazama, akasema atarudi.